Mti Uliokula Chumvi Nyingi

Maji ya kisima changu pale Mtwapa ni mazuri kwa macho. Ukiyateka asubuhi yanang'aa ndooni, hayana harufu wala takataka, na mgeni asiyejua huchota kwa kata akapiga funda moja. La pili hapigi. Ni maji ya chumvichumvi, kama yalivyo ya visima vingi vya pwani. Chini yetu ni mawe ya matumbawe yaliyotobokatoboka mithili ya sifongo, na pampu zinapovuta zaidi ya kile mvua inachorudisha, bahari hujipenyeza chini kwa chini ikachukua nafasi.

Kwa miaka minne nilimwagilia maji hayo kiwanja cha mbele ya nyumba, upande unaoteremka kuelekea horini. Nilitaka kitu kimoja tu: kijani kifupi cha kuufunika ule mchanga, upepo wa kusi usiupeperushe ukafika hadi jikoni. Nilinunua miche kwenye vitalu vya kando ya barabara ya Malindi, leo aina hii, kesho aina ile, na mwendo ukawa ule ule. Wiki tatu za mwanzo mche unacheka. Wiki ya nne ncha za majani zinageuka hudhurungi, rangi inatambaa kingoni, jani linajikunja kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto, na kabla mwezi wa pili haujaisha unang'oa kijiti kikavu. Muuzaji mmoja aliniuzia vichaka 12 akiapa kwamba kwavyo chumvi ni sukari. Hakikubaki hata kimoja. Niliona uchungu, na haukuwa wa pesa tu. Inauma kutazama kila asubuhi kitu ulichokipanda kwa mkono wako kikifa, na hujui ulipokosea.

Nilimlalamikia mjomba kwa simu. Yeye ni kaka wa marehemu mama, alioa Taveta zamani akabaki huko huko, analima Mata, karibu na Ziwa Jipe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mpwa wangu," akasema, "unadhani chumvi ni mali ya watu wa baharini peke yao. Njoo huku nikuonyeshe chumvi. Na nikuonyeshe anayeila."

Nikaondoka mwishoni mwa Januari, kaskazi ikivuma na jua likiwa la kuchoma.

Treni ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani huondoka Miritini, ikapita Mariakani na Miasenyi kabla ya kufika Voi. Dirishani niliona ardhi nyekundu ya Tsavo, vichaka vya kijivu visivyo na jani, na hapa na pale kichuguu cha kijani, duara, kimejiinamia chini kama boma la nyasi. Sikukitilia maanani. Voi nilipanda matatu ya Taveta. Ni safari ya zaidi ya kilomita 100, na wanaokumbuka barabara ile ilipokuwa ya vumbi watakwambia kuwa lami imewaongezea umri. Mwatate unapita mashamba ya mkonge, mistari imenyooka hadi miguuni mwa milima ya Taita. Baada ya Bura nchi inafunguka na watu wanapungua. Maktau, Mbuyuni, kisha upande wa mbele, kama mawingu yamekubali, Kilimanjaro.

Kando ya barabara hiyo ipo reli ya zamani. Waingereza waliijenga kutoka Voi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kupeleka askari upande wa Taveta, maana Wajerumani walikuwa wameuteka mji huo mnamo Agosti 1914. Kilima cha Salaita, kilichosimama peke yake kwenye tambarare kabla ya kufika mjini, ndipo walipopigana tarehe 12 Februari 1916, na Wajerumani na askari wao Waafrika wakawarudisha nyuma washambuliaji. Nilikitazama kilima kile nikiwa na chupa ya maji mapajani, nikawafikiria wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa popote, jinsi walivyobeba mizigo katika jua lile.

Halafu ghafla unaingia Taveta na dunia inageuka. Migomba. Migomba kila upande, mirefu, minene, na mifereji ya maji inayokimbia kando yake. Maji hayo hayakunyesha hapo. Yameanguka juu ya Kilimanjaro, yakazama kwenye mawe ya volkano, yakatembea gizani, kisha yakachomoza kwenye chemchemi za Njoro na mengine kuteremka na Mto Lumi. Ndiyo maana misafara ya kutoka pwani katika karne ya 19 iliupenda msitu wa Taveta. Ukishavuka nyika kavu ya Taru na tambarare zile, Taveta ilikuwa kivuli, chakula na maji. Joseph Thomson alipumzika hapo mwaka 1883 akielekea Umasaini. Baadaye, katika zama za ukoloni, Ewart Grogan, yule aliyesafiri kutoka Cape hadi Cairo, alichukua ardhi kubwa hapa, akapanda mkonge, akachimba mifereji, akajenga jumba juu ya kilima ambalo hadi leo watu huliita ngome yake.

Bodaboda ilinitoa mjini ikanipeleka kusini. Migomba ilianza kupungua, kisha ikawa mifupi, kisha majani yake yakawa na kingo za hudhurungi. Nilimgonga kijana begani asimame. Nikashuka, nikalishika jani moja. Ncha kavu, rangi imetambaa kingoni, limejikunja. Ilikuwa ni bustani yangu ya Mtwapa ile ile, umbali wa kilomita mia mbili na zaidi kutoka baharini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja na jembe?"

Sikuwa nimekuja na jembe. Alinipa la kwake, na kabla sijanywa hata chai tulikuwa tumesimama nyuma ya nyumba, ukingoni mwa shamba lake. Pale palikuwa na kipande cha ardhi, kama robo ekari, cheupe. Si weupe wa mchanga. Ulikuwa weupe wa unga uliomwagika, na jua la alasiri lilipolipiga eneo lile macho yaliuma. Nilipokanyaga, ardhi ilivunjika chini ya kiatu kwa mlio mdogo, kama ukoko wa wali. Mjomba aliokota kipande akakiweka kiganjani mwangu.

"Lamba."

Nililamba. Ni magadi. Magadi hayo hayo ambayo mama zetu huyatia chunguni ili maharagwe yalainike upesi. Chunguni yanayalainisha, shambani yanayaua.

Alinieleza kwa mfano wa taa. Utambi hauna pampu, lakini mafuta hupanda kutoka chini hadi juu yakaungua. Udongo nao ni utambi. Maji yaliyo chini hayakai chini, hupanda kidogo kidogo hadi usoni mwa ardhi, jua likayachukua. Yanachukuliwa maji peke yake. Chumvi iliyoyeyuka ndani yake haiwezi kuruka, inabaki pale pale. Maji ya mlimani ni matamu mdomoni, lakini yametembea ndani ya mawe ya volkano na hayakutoka mikono mitupu. Ukimwagilia mwaka baada ya mwaka bila kuchimba mitaro ya kuyatoa maji ya ziada, maji ya chini yanapanda, utambi unakuwa mfupi, na kila jua likiwaka linaacha tabaka lake, kama birika la chai linavyofanya gamba jeupe ndani. Birika unaweza kulikwangua. Shamba la robo ekari utalikwangua vipi?

Mazao hayalingani katika kustahimili. Wataalamu hupima chumvi ya udongo kwa kupitisha umeme kwenye maji yake, na kipimo chao huitwa desisimensi kwa mita. Katika majedwali ya FAO, maharagwe huanza kupunguza mazao udongo ukivuka 1 tu. Mahindi huvumilia hadi 1.7, nyanya hadi 2.5, na mtende, ambao tunauona kama mwamba, hadi 4. Ukivuka 4, wataalamu wanaiita ardhi hiyo ya chumvi. Mjomba hana kifaa hicho. Yeye anapima kwa mimea: maharagwe yakigoma anajua, mahindi yakigoma anajua zaidi, na migomba ikianza kuungua kingo, huhamisha.

"Sasa anayeila yuko wapi?" nikamuuliza.

Akanyoosha mkono. Hatua 20 kutoka kwenye ule weupe palikuwa na kichaka. Kilikuwa duara, kimefunga kuliko ua uliokatwa na mkasi, matawi yake yakianzia juu na kuteremka mpaka yakalala juu ya ardhi kama ushungi. Nilikitambua mara moja. Ni kile kile nilichokipita kwenye treni, katika nyika ambamo kila kitu kingine kilikuwa cha kijivu. Kijani chake kilikuwa cha kung'aa, chenye unjano kidogo, na majani yalikuwa manene, ya duara dufu, yamekaa mawili mawili.

"Huo si mswaki?" nikasema.

"Ndiyo huo huo. Mnaununua sokoni kila siku, halafu mnaniuliza mmea wa chumvi."

Nilinyamaza, kwa kuwa alisema kweli. Sijui ni mara ngapi nimenunua vijiti vya mswaki mjini Mombasa, mbele ya misikiti, vimefungwa kwa kamba katika mafungu madogo. Marehemu babu hakusali bila kupiga mswaki kwanza, akishika sunna ya Mtume. Mti huo ninao mdomoni tangu utoto. Sikuwahi kujiuliza unasimama wapi, unakula nini, na unafananaje ukiwa mzima. Wanasayansi huuita Salvadora persica, na unamea kuanzia nchi kavu za Afrika, ukavuka Uarabuni, hadi India.

Mjomba alichuma jani akanipa. Nalo nikalamba, kisha nikalitafuna. Kwanza chumvi, wazi kabisa, kama jani lililochovywa baharini. Kisha maji mengi, maana jani lile ni kama kiriba. Kisha ukali uliopanda puani kama haradali. Jani hili ndilo ghala. Mti huu unapotia mizizi katika ardhi ya namna hii, hauzuii chumvi yote mlangoni. Sehemu yake unaiingiza, unaipandisha hadi kwenye majani, na kule unaitia ndani ya vyumba vya maji isiguse sehemu nyeti. Jani likizeeka na kujaa, linaangushwa. Wakati huo mizizi inashuka chini sana kutafuta maji yasiyo makali. Kiswahili husema juu ya mtu mzima aliyeona mengi kwamba amekula chumvi nyingi. Sijui mmea mwingine unaostahili sifa hiyo kuliko huu.

Niliinama, nikayafunua matawi na kuingiza mkono. Kuku wanne walikuwa wamelala ndani, wakanilalamikia. Udongo ulikuwa umefunikwa na majani makavu, na chini ya majani hayo ulikuwa wa rangi ya kahawa, wa baridi, na ulishikana kidogo nilipoufinya. Hatua 20 kutoka kwenye ukoko mweupe! Ardhi ni moja, jua ni moja. Tofauti ni kwamba hapa kuna kivuli, na penye kivuli utambi hauwaki kwa nguvu.

Niseme wazi jambo moja, maana nimewasikia watu wakilitia chumvi. Mswaki hausafishi ardhi. Majani yanayoanguka yanairudisha chumvi pale pale chini. Anayekwambia kwamba ukiupanda miaka mitatu utarudi kulima maharagwe anakudanganya. Ardhi ya magadi inatibiwa kwa mitaro, kwa samadi, kwa jasi, na kwa maji mengi ya kuisuuza, na hata hivyo inachukua muda na gharama. Mswaki unafanya kazi nyingine: unaifunika. Unaishika isipeperuke, unaipa kivuli, unaipa ndege na kuku na mbuzi mahali, na unakupa wewe kijani pale ambapo hakuna kingine kitakachokubali.

Baada ya chai mjomba alinirudisha kwenye ule weupe. Alisimama muda mrefu bila kusema.

"Hapa palikuwa na miswaki," akasema hatimaye. "Yote hii. Niliing'oa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikachoma mizizi. Nilitaka mahindi."

Alipata mahindi misimu miwili. Msimu wa tatu yalitoka ya njano. Wa nne hayakutoka. Tangu hapo anapanda mswaki upya, mche mmoja mmoja, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Nilihesabu mashina 31 yaliyoshika, mengine yakinifika gotini. Katikati bado ni peupe.

Kuna kosa la pili ambalo eneo hili linalijua, nalo ni la kuleta mgeni. Mathenge, ule mti wa miiba kutoka Amerika, uliletwa nchini kwa sababu hizi hizi zilizonipeleka mimi Taveta: haujali ukame, haujali chumvi. Mwaka 1973 ulipandwa kwenye machimbo ya mawe ya Bamburi, si mbali na kwangu, na miaka iliyofuata ukasambazwa kwenye nchi kavu kama Baringo na Tana. Ulifika Taveta pia. Mbuzi hula maganda yake matamu na kuzisambaza mbegu, na mafuriko hubeba zilizobaki. Ukishika kando ya maji hufunga njia, hufunga malisho, na miiba yake hutoboa tairi na kwato. Watu wa Baringo walifika hadi mahakamani na mbuzi aliyeozeshwa meno na maganda hayo. Mwaka 2008 serikali iliutangaza kuwa gugu haribifu. Nawaza hayo kila ninapoona tangazo la mmea mpya wa ajabu kutoka ng'ambo usiohitaji maji. Haukosi kuota. Kazi ni kuuzuia. Mswaki wetu umeishi hapa na tembo, na digidigi, na pasa wenye mikia mirefu wanaokula matunda yake, na nyika haijageuka kuwa msitu wa mswaki. Kila anayeula anaujua, nao unamjua.

Jioni tulishuka hadi Jipe. Ziwa hili limegawanywa na mpaka, huku Kenya, ng'ambo Tanzania, na milima ya Upare imesimama nyuma yake kama ukuta wa buluu. Lumi inaingia, Ruvu inatoka, na maji yake mwishowe huishia Pangani, baharini. Lakini kuyaona maji yenyewe ni kazi, kwa jinsi matete na mafunjo yalivyofunga ukingo. Wavuvi wamekata vichochoro vya mitumbwi ndani yake. Tope la mashamba ya juu limelijaza ziwa, na kina kimepungua. Yupo perege ambaye wanasayansi wamempa jina la ziwa hili, Oreochromis jipe, naye hapatikani kwa asili nje ya bonde la Pangani. Kijana mmoja alinionyesha samaki wa siku nzima: walienea kwenye beseni moja dogo. Nilirudi kwa mjomba kimya. Ziwa linalojaa udongo ulioachwa wazi huko juu, na shamba lililokufa kwa kuvuliwa miti yake, kwangu ni habari moja.

Kesho yake tulifanya kazi ya mbegu, na hapa nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea.

Matunda ya mswaki ni madogo kama punje za pilipili manga, yameshikana kwenye vishada, na yakiiva huwa mekundu ya kuangaza au zambarau. Watoto wa mjomba walikuwa wanayala tuliyoyachuma. Nilionja: utamu, kisha pilipili. Mbegu ni moja ndani ya kila tunda. Ukiyafukia matunda mazima, mengi hayaoti, maana nyama ya tunda ina kitu kinachoizuia mbegu isiamke. Kazi hiyo ya kuivua nguo huwa ni ya ndege. Tuliyamimina kwenye sufuria kuukuu, tukatia mchanga mkavu viganja viwili na maji kidogo, tukayasugua kwa mikono kama mtu anayekosha mchele wenye pumba. Maji yaligeuka zambarau. Tukamwaga, tukasugua tena, tukamwaga, mara nne, hadi mbegu zikabaki safi na viganja vyangu vikawa vinawasha. Tukazianika kivulini nusu siku. Mjomba alinihimiza nisizihifadhi.

"Mbegu hii haisubiri. Ukifika, siku hiyo hiyo izike."

Jumatano ilikuwa siku ya soko Taveta, na nilipitia huko kabla ya kushika matatu. Mikungu ya ndizi ilipangwa kwa mamia, malori ya Mombasa yakipakia, wanawake kutoka upande wa Holili wakiuza maharage na vitunguu. Kwenye kona moja mzee alikuwa ameketi na mafungu ya miswaki. Nilimwamkia, nikamuuliza anaikata wapi. Alinionyesha tofauti ambayo mjini hatuijui. Kuna kijiti cha tawi na kuna kijiti cha mzizi. Cha mzizi ni laini zaidi, kina harufu, na wanunuzi hukipenda. Lakini anayechimba mzizi bila kipimo anaua mti, hasa kwenye ardhi ya chumvi ambako mizizi ndiyo tegemeo lote. Yeye hukata matawi, na shina huchipua tena kwa nguvu. "Nikichimba leo, kesho nitauza nini?" Nilinunua mafungu matano ya matawi. Tangu siku hiyo, nikinunua Mombasa, nauliza.

Nilifika Mtwapa usiku, nikazipanda mbegu kwa mwanga wa taa ya simu, ndani ya vidumu vilivyokatwa na pakiti za maziwa nilizotoboa chini. Udongo ulikuwa mchanga sehemu mbili, samadi iliyooza sehemu moja. Na maji niliyotumia hayakuwa ya kisima. Mti huu hata ukiwa shujaa, utotoni ni mtoto kama watoto wengine. Mbegu na mche mchanga huumizwa na chumvi, na ustahimilivu huja na umri. Miezi mitatu ya kwanza niliupa maji ya mvua niliyokinga na ya kununua kwa mikokoteni. Baadaye nikaanza kuchanganya, kata moja ya kisima kwa tatu za maji baridi, kisha nusu kwa nusu, hadi ukazoea. Zilizoota zilianza kuchungulia kabla wiki mbili hazijaisha. Zilikuwa 34.

Masika yalipoingia nilichagua 28, nikazipanda kwenye ule mteremko wa horini, hatua moja kati ya mche na mche. Katikati niliuacha mtambao wa ufukweni, ule wenye maua ya zambarau na majani mfano wa kwato za mbuzi, ufunike mchanga wakati miswaki ikikua. Maana mswaki hauna haraka. Mwaka wa kwanza yangu ilipanda shubiri mbili, mingine moja, na niliogopa. Nilimpigia mjomba, akaniambia nisitazame juu, kazi iko chini. Mwaka wa pili ndipo ilipoanza kutanuka.

Siri ya kuufanya ufunike ardhi badala ya kwenda juu ni mkasi. Ukiachwa peke yake, mswaki unaweza kuwa mti wa mita 6, na si kila kiwanja kinautaka hivyo. Unapofika gotini, kata ncha. Utachipua pembeni. Ukifika tena, kata tena. Matawi yake kwa asili yanapenda kuinama, na ukiyasaidia hivyo yanalala na kushikana mpaka usione mchanga. Vijiti unavyovikata usivitupe: ni miswaki ya mwezi mzima kwa nyumba nzima. Kati yake na ukuta wa nyumba acha nafasi ya kutosha, kwa ajili ya mizizi. Wala usiupe mbolea ya dukani, hauihitaji, na mbolea nyingi nazo ni chumvi.

Mteremko wangu sasa haupeperuki. Miswaki iliyosimama ni 23. Mitano ilikufa, miwili kwa mbuzi wa jirani na mitatu kwa uzembe wangu wa kuipa maji makali mapema. Kusi ya mwaka huu ilivuma majuma mazima ikileta rasharasha ya bahari, na majani yalibaki na kijani kile kile nilichokiona Mata, yakiwa na vumbi jeupe la chumvi ambalo mvua ya kwanza ililiosha. Asubuhi huja ndege wadogo na kuingia ndani, nawasikia bila kuwaona.

Wiki iliyopita nilipita Kikambala nikakuta trekta ikisawazisha kiwanja cha ufukweni. Ukingoni palikuwa na mswaki mzee, umeinamishwa na upepo, na shina lake lilikuwa nene kuliko paja langu. Ulikuwa umeng'olewa, mizizi imetazama juu. Pembeni yake, kwenye lori, ilikuwepo miche ya maua ya kitaluni ikisubiri kushushwa, aina ile ile iliyonifia mimi. Nilisimama kuzungumza na msimamizi. Alinisikiliza kwa adabu, lakini kazi ilikuwa imeshafanyika.

Ndiyo sababu nimeandika. Mwenye kiwanja karibu na bahari, kabla hujaita trekta, kizunguke kwa miguu. Ukikuta kichaka cha duara, kijani, majani manene mawili mawili, chuma moja ulitafune. Likiwa na chumvi na ukali wa haradali, liache shina hilo lilipo, na otesha miche yako kutoka kwenye mbegu zake. Kama hunalo, nimebakiwa na miche sita, iko kivulini nyuma ya kisima. Njoo na kopo lako.